Kutoka Barazani hadi Kwenye Simu: Tangazo Humfikia Nani Garsen?

Historia ya Garsen, mji wa Kaunti ya Tana River, yaweza kusimuliwa kwa swali moja: tangazo lilimfikia nani? Kwa Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, habari ilipokewa kwa sikio. Hata muziki wa wimbo wa taifa wa 1963 ulitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, uliorithishwa kwa mdomo. Serikali ya kikoloni nayo ilipitishia amri zake kwenye baraza la chifu. Hapo asiyeona alisikia sawa na jirani yake. Kiziwi ndiye aliyerudi mikono mitupu. Karatasi ilipobandikwa ukutani mwa ofisi, mambo yakageuka: kiziwi aliyesoma alipata, asiyeona akakosa. Shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa 1946, ilifundisha breli, lakini tangazo la ukutani liliendelea kuwa la wino.

Simu na kompyuta ndizo za kwanza kuweza kuwahudumia wote wawili, kwani maandishi yale yale husomwa kwa macho, hutamkwa na programu au hupapaswa kwa breli. Miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zifikiwe na wenye ulemavu ilitoka 1999. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kikampa mwenye ulemavu haki ya kupata habari. Na mwaka 2022 Kenya ikapata kiwango chake cha ufikivu wa huduma za kidijitali, KS 2952. Hata hivyo, mazoea ya ukutani yamehamia kwenye simu: barua hupigwa muhuri, hupigwa picha, kisha husambazwa. Kwa programu inayosoma maandishi, mara nyingi hiyo ni picha tu, haina neno la kusoma.

Wapo watakaosema kwamba penye mafuriko, ukame na mtandao dhaifu, hii ni anasa. Lakini mabwawa ya Masinga na Kiambere kwenye Mto Tana yakijaa, tahadhari hutumwa Garissa na Tana River, na anayehitaji muda mrefu kuhama ndiye anayestahili kuipata mapema. Mtandao dhaifu nao ni hoja ya kutuma maandishi, maana hula bando kidogo kuliko picha. Na jamaa wa kumsomea asiyeona? Huenda yuko malishoni. Tena, barua ya hospitali si ya kupitia kinywa cha mwingine. Basi afisa anayetuma picha ya barua ayaandike maneno ya barua chini ya picha. Mbiu isiyosikika haijapigwa.