Unyambuaji wa vitenzi katika Kizigua, Kiswahili na Kiingereza

Unyambuaji ni kuuongezea mzizi wa kitenzi viambishi ili uzae vitenzi vingine. Lugha za Kibantu huongeza zaidi nyuma ya mzizi. Kilatini kiliongeza mbele, na Kiingereza kikarithi maelfu ya vitenzi vilivyojengwa hivyo. Mtoto wa Misima, kata ya Wilaya ya Handeni mkoani Tanga, hukutana na njia zote mbili: Kizigua nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, kisha masomo kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza.

Kwa Kizigua, kudamanya ni kutenda, kudamanyiza ni kumtendea mtu, kudamanyizana ni kutendeana. Kulombeza ni kuomba. Ukimwombea mtu ni kulombezeza, na mkiombeana ni kulombezezana. Sikiliza irabu: baada ya a huja -iz-, baada ya e huja -ez-. Ni utaratibu uleule wa Kiswahili, ambamo paka huwa pakia lakini soma huwa somea. Hata mzizi ni mmoja, kwani omba ya Kiswahili ni lomba iliyodondosha l yake. Wanaisimu Charles Kisseberth na Michael Kenstowicz walichambua toni za vitenzi hivi, na tangu hapo Kizigua kimekuwa mfano unaotajwa mara kwa mara katika taaluma ya fonolojia.

Mkia wa kitenzi unaweza hata kukipindua. Funga huwa fungua, ziba huwa zibua, tega huwa tegua, choma huwa chomoa. Kiambishi cha irabu moja tu kinatengua tendo zima.

Kilatini kilifanya kazi ya namna hiyo upande wa mbele. Portare ni kubeba. Tanguliza ex-, yaani nje, upate asili ya “export”, kupeleka bidhaa nje. Tanguliza trans-, yaani ng’ambo, upate “transport”, kusafirisha. Kiambishi in-, yaani ndani, hakikubaki kilivyo: mbele ya p, sauti inayofumba midomo, n hugeuka m, ndipo tunapata “import”. Mswahili hana sababu ya kushangaa. N- ya ngeli ya nyumba nayo hugeuka m- mbele ya b, na ndiyo maana tunasema nyumba mbaya, nyumba mbovu.

Mittere, kutuma, ina ukoo mpana vilevile. “Transmit” ni kutuma hadi upande wa pili, “admit” ni kumruhusu mtu aingie, “permit” ni kumwachia apite, “submit” ni kuweka chini ya mamlaka ya mwingine, kama mwanafunzi anavyokabidhi kazi yake kwa mwalimu. Mara nyingi maneno haya manne hukaririwa kama watu wasiojuana. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu anayejua kwamba pigia, pigana, pigisha na pigwa ni ndugu anao tayari ufunguo wa kuyaelewa. Kipindi kimoja cha kulinganisha mizizi kingempunguzia mzigo wa majuma mengi ya kukariri.

Maneno hayo yaliingia Kiingereza kwa njia mbili: mengi kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mengine yalichukuliwa na wasomi wa karne za baadaye moja kwa moja kutoka vitabu vya Kilatini.

Tahadhari moja inahitajika, kwani kufanana hakuthibitishi undugu. “Poti” ya pasipoti haitokani na portare bali na neno la bandari. Ile ya ripoti ndiyo inayotokana na kubeba: re- ni kurudi, na mleta ripoti hurudisha habari kwa aliyemtuma. Ndivyo ilivyo pia kwa sapoti, ambayo asili yake ni kubeba kutoka chini. Sub- iligeuka sup- mbele ya p, kama vile in- ilivyogeuka im-.

Maneno haya mawili yamekwisha kupewa mikia ya Kibantu. Redioni husikika kwamba ajali imeripotiwa, na vijana wanaochangishana fedha za msiba au harusi husema wanasapotiana. Ndani ya sapotiana, sub- ya Kilatini imekaa mbele, port katikati, na nyuma ipo -an- ileile ya kudamanyizana.