Njia ya Reli, Njia ya Rezo



Reli ilifika mji wetu mwaka 1910, ikitokea kusini, kupitia Sakania. Zaidi ya miaka 100 kisha, mwaka 2013, kebo ya bahari WACS ilianza kazi Muanda, mbali sana na sisi. Kuna fibre ya Lubumbashi inayopita tena kusini, kwa Zambia, sawa ile reli.

Na rezo, kama reli, haitembei bila watu wa kuitunza. Msimamizi wa rezo anagawa anwani kwa kila mashine, anapanga ruta, anafungia wezi mlango, na laini ikikatika usiku, yeye njo anaamka. Cisco ilifungua shule zake za hii kazi mwaka 1997. Mtihani wa CCNA ukafuata mwaka 1998.

Sasa tuangalie historia yetu. Mwaka 2007 HCR ilianza kurudisha wakimbizi kutoka Zambia. Vijana waliosomea Meheba walirudi na Kiingereza. Hapa, kwa shule ya Kifaransa, ile ikawa mzigo. Lakini amri za ruta zinaandikwa kwa Kiingereza. Kile kilichowarudisha nyuma darasani, kwa hii kazi ni mtaji.

Vijana wa Hewa Bora hawaombi huruma. Wanahitaji ordinatere, kura ya kutosha na bei ya mtihani. Mtihani wenyewe hauulizi mtu alikimbilia wapi.