Tapeti Zikinyamaza Mno

Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta naye akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Injini yake ya silinda 6 ilikuwa na tapeti za kurekebishwa kwa mkono. Injini ikiwa ya moto, vali ya kuingiza ilitakiwa nafasi ya milimita 0.25, na ya kutolea moshi 0.30.

Nafasi ikizidi, tapeti hugonga kwa mlio mwembamba, mara moja kila krenki izungukapo mara mbili. Mlio mzito unaotoka chini ni habari nyingine. Huo tafuta kwenye beringi.

Mimi niliwahi kumshikilia fundi azikaze tapeti za gari langu mpaka kimya. Kimya nilikipata. Lakini vali iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake ipate kupoa, na yangu ya moshi ikaungua. Fundi simlaumu, alinionya.

Kwa hiyo, fundi akitega sikio kwenye bisibisi ndefu, mwache asikilize, kisha apime. Wahenga walikwisha kusema: kimya kingi kina mshindo mkuu.