Umeme Uliopita Juu: Gitaa la Umeme katika Mpaka wa Busia na Tororo

Gitaa la umeme huhitaji mambo mawili, yaani mkono unaozijua nyuzi na nguvu ya umeme ya kuikuza sauti ya nyuzi hizo. Katika ukanda wa mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Lunyo na vilima vya Samia hadi chini ya mwamba wa Tororo, mikono ilikuwepo tangu kale, umeme ukachelewa, na kuchelewa huko ndiko kulikoupa muziki wa gitaa wa eneo hili sehemu kubwa ya tabia yake. Historia ya chombo hiki huandikwa kwa kawaida kama historia ya viwanda vya Marekani na Uingereza, navyo vinastahili kutajwa. Lakini msomaji anayetaka kuelewa kwa nini gitaa la solo la magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda hulia kwa sauti nyembamba, safi, inayokaribia kutamka maneno, hana budi kuanza na ala zilizokuwa mikononi mwa watu kabla gitaa lenyewe halijafika.

Ala hizo ni nyingi na zinavuka mpaka kama watu wenyewe wanavyouvuka. Wateso wa Tororo na wa Busia ya Kenya wana adeudeu, kinubi chenye shingo iliyopinda kama upinde. Jopadhola wana tongoli, Wabukusu wana litungu lenye nyuzi saba, na Waluo wana nyatiti yenye nyuzi nane. Nyatiti inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mpigaji wake hugawa kazi kati ya mikono miwili, mmoja ukishughulika na nyuzi za juu zinazobeba wimbo na mwingine nyuzi za chini zinazoushikilia, huku pete ya chuma iliyovaliwa kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao wa ala na kutoa mdundo. Mtu mmoja, akiwa amekaa chini, anakuwa solo, besi na ngoma, na juu ya hayo yote anaimba. Mgawanyo huu wa kazi ndio uzi unaoiunganisha historia yote inayofuata.

Gitaa kavu, yaani gitaa lisilohitaji umeme, lilienea kwa kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki, waliporejea makwao mwaka 1945 wakiwa wamelisikia na wengine wakiwa wamelibeba. Halafu zikaja santuri za Katanga, jimbo la Kongo. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi huko mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, ambaye wimbo wake "Masanga" uliwaonyesha vijana wa Afrika Mashariki kwamba kidole gumba na kidole cha shahada vinatosha kupiga sauti mbili zinazokwenda njia tofauti kwa wakati mmoja. Miongoni mwa Waluhya, mtindo wa namna hiyo ulipata jina la omutibo, na bingwa wake alikuwa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963 akiwa bado kijana. Mdundo wa omutibo haukutoka kwenye ngoma. Ulitoka kwenye chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye matuta mwilini, iliyokwaruzwa na kugongwa kwa kipande cha chuma. Anayeifahamu pete ya nyatiti hawezi kushangaa kwamba chupa ilikubalika upesi hivyo, kwa kuwa sikio lilikuwa limekwisha kuizoea sauti ya kitu kigumu kinachoshikilia mapigo pembeni mwa nyuzi. Waliokosa fedha za kununua gitaa walilichonga wenyewe kwa mbao na mabati, na nyuzi wakazipata kwa kuusokotoa waya wa breki za baiskeli.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, chombo kilikuwa kimekwisha kubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza huko California gitaa lenye kinasa cha sumaku, kifaa ambacho umuhimu wake ni mkubwa kuliko umbo lake. Kinasa hicho ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu; uzi wa chuma unapotikisika juu yake huivuruga nguvu ya sumaku, mvurugo huo huzaa mkondo mdogo sana wa umeme ndani ya waya, mkondo hupelekwa kwenye amplifaya ili uongezwe nguvu, kisha spika huurudisha hewani kama sauti. Kwa kuwa sauti haitegemei tena tumbo la mbao, gitaa linaweza kuwa ubao mtupu usio na uwazi ndani, kama Leo Fender alivyothibitisha kwa gitaa aina ya Telecaster mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kwa Stratocaster mwaka 1954, na kama kampuni ya Gibson ilivyofanya mwaka 1952 kwa gitaa lenye jina la Les Paul.

Kenya haikuchelewa sana kuupokea uvumbuzi huo. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani aliyewahi kuwatumbuiza askari wakati wa vita, hutajwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini humo kupiga gitaa la umeme katika rekodi, na kazi zake za miaka ya 1950 bado zinasikika laini na zenye adabu ya mtu anayekijua chombo chake. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator Sound ya Nairobi iliwakusanya wapiga gitaa wa asili mbalimbali: Fadhili William wa Kenya, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, Charles Sonko wa Uganda, na Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda na ambaye jina lake peke yake, neno la Kiganda la mfalme, linatosha kumkumbusha msomaji jinsi familia za magharibi mwa Kenya zilivyoishi pande zote mbili za mpaka. Hata hivyo, Nairobi ilikuwa na soketi ukutani, na vijiji vya mpakani havikuwa nayo.

Jambo hilo lina uchungu wake, kwa sababu umeme wenyewe ulipita hapohapo. Bwawa la Owen Falls mjini Jinja lilizinduliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954, na saruji ya Tororo ni sehemu ya historia ya ujenzi wa miaka ile. Mwaka 1958 njia kuu ya umeme ya kilovolti 132 ilikamilika kutoka Tororo hadi Nairobi, ikaanza kuupeleka umeme wa Mto Naili kwenye viwanda, hoteli na bila shaka studio za mji mkuu wa Kenya. Nguvu iliyoyaendesha magitaa ya Nairobi ilipita juu ya vichwa vya wapiga adeudeu na omutibo ambao nyumba zao ziliendelea kuwaka koroboi. Nyaya kubwa za namna hiyo hazimfaidii mwanakijiji mpaka uwepo mtambo wa kuupunguza umeme na nguzo ndogo za kuusambaza, na kwa vijiji vingi vya Busia na Tororo nguzo hizo zilichukua miongo mingi kufika.

Hivyo basi, amplifaya ya mpakani ina historia yake ya peke yake. Amplifaya za mwanzo zilitumia valvu, yaani mirija ya kioo isiyo na hewa ndani, ambayo hupashwa moto na kuhitaji volti nyingi; zile maarufu za Uingereza, kama AC30 ya Vox na zile ambazo Jim Marshall alianza kuziuza London mwaka 1962, zilibuniwa kwa ajili ya majumba yenye umeme wa kudumu. Kuibeba amplifaya ya valvu hadi kwenye matanga ya kijijini kulimaanisha kubeba jenereta pamoja nayo, pamoja na petroli yake na kelele zake. Ni transista, kidude kidogo kinachofanya kazi ya valvu kwa umeme kidogo sana, ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuwa saketi ya transista huridhika na betri ya gari ya volti 12. Hapo ndipo fundi redio alipoingia katika historia ya muziki, ingawa jina lake haliandikwi kwenye lebo ya santuri. Mtu aliyejua kufufua redio iliyokufa aliweza kuunga kinasa na spika, kubadilisha transista iliyoungua na kuifanya betri ikeshe hadi alfajiri, na ni haki kusema kwamba bila mafundi hao gitaa la umeme lingebaki kuwa mali ya hoteli za mijini.

Uhaba huo wa umeme na amplifaya ulikuwa na matokeo ya kimuziki. Bendi yenye amplifaya moja mara nyingi huchomeka humo magitaa mawili na hata kipaza sauti cha mwimbaji, na spika ndogo inayobeba vitu vingi haivumilii vurugu. Kila mpigaji analazimika kujitafutia nafasi yake: solo hupanda juu kabisa ya shingo ya gitaa ambako sauti ni kali na nyembamba, ridhimu hukaa katikati na kukatakata mapigo, besi huteremka chini na kuruka badala ya kutambaa. Mgawanyo huo, ambao mtu anaweza kudhani umebuniwa studioni, ni ule ule wa mikono miwili ya mpiga nyatiti, isipokuwa sasa umegawiwa watu watatu.

Mtindo uliobeba mgawanyo huo kwa ukamilifu ni benga, uliokomaa miongoni mwa Waluo katika miaka ya 1960. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati upande wa Tanzania, aliongoza Shirati Jazz na kuifanya solo kuwa mwimbaji wa pili: sauti ya mtu inapomaliza mstari, gitaa huurudia, huujibu, kisha huuchukua na kukimbia nao huku maneno yakinyamaza. Waluhya waliupokea mtindo huo na kuuvalisha lugha zao, kama inavyosikika katika nyimbo za Sukuma Bin Ongaro. Dholuo, yaani lugha ya Waluo, pamoja na lugha nyingi za Kiluhya ni lugha za toni, yaani lugha ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno, na kwa hiyo gitaa linalomjibu mwimbaji linatakiwa kuzifuata toni hizo kwa uwazi ili msikilizaji ayasikie maneno ndani ya nyuzi.

Hapa ndipo pedali zinapopaswa kuzungumziwa. Pedali ni kisanduku kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, kinachowashwa kwa mguu ili kuigeuza sauti kabla haijakuzwa. Mwaka 1962 kilitokea Marekani kisanduku cha Maestro kilichoitia sauti ukwaruzo wa makusudi, na miaka michache baadaye pedali ya wawa, inayozifanya nyuzi zilie kama mtoto anayefungua na kufumba mdomo. Vifaa hivyo viliujenga muziki wa roki, lakini benga haikuvihitaji sana, na sababu ya umaskini haitoshi kulieleza jambo hilo. Ukwaruzo huziba mwanya kati ya noti na noti, na mwanya huo ndimo toni inamokaa. Mpiga solo anayetaka wasikilizaji wake wa Siaya au Samia wamwelewe hawezi kuyatia matope maneno yake. Kwa maoni ya makala haya, usafi wa sauti ya benga ulikuwa uamuzi wa masikio, na unastahili heshima ile ile wanayopewa wavumbuzi wa visanduku.

Athari nyingine kubwa ilipita barabarani, kwa kuwa njia ya kutoka Kampala kwenda Nairobi haina budi kuvuka Busia au Malaba. Rais Idi Amin wa Uganda alipoamuru mwezi Agosti 1972 Waasia waondoke nchini humo katika siku 90, miji ya mashariki ilipoteza sehemu kubwa ya wenye maduka, na katika miaka iliyofuata bidhaa za kawaida ziligeuka kuwa bidhaa za magendo. Wanamuziki nao walihama. Samba Mapangala, mzaliwa wa Kongo, aliunda bendi ya Les Kinois mjini Kampala mwaka 1975, na mwaka 1977 wakahamia Nairobi, ambako baadaye alianzisha Orchestra Virunga. Wapiga gitaa wa Kikongo walikuja na solo iliyokuzwa na shule ya Franco na Dokta Nico, magwiji wa gitaa wa Kongo, pamoja na gitaa la nne kati ya solo na ridhimu, ambalo wenyewe huliita mi-solo, na mwangwi wa kielektroniki unaoirefusha noti baada ya kidole kuondoka. Wapigaji wa mpakani walisikiliza, wakachukua walichotaka, wakaacha mengine. Mwangwi waliupenda, lakini kasi ya benga hawakukubali kuipunguza.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi gitaa kavu na gitaa la umeme zilivyoishi katika mikono ileile unapatikana Bunyore, nchi ya Abanyole wa Kenya, ambao masimulizi ya asili huwahusisha na Banyole wa Butaleja, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 2005. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola walirekodi kwa gitaa kavu na chupa ya Fanta wakiitwa Abana ba Nasery, na walipotaka kupiga kwa umeme walitumia majina ya Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band, ambamo besi na ridhimu zilitoka katika vidole vilevile vilivyozipiga sehemu hizo bila amplifaya. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilipozikusanya rekodi zao mwaka 1989 kwa wasikilizaji wa Ulaya, ilichagua zile za gitaa kavu, na mwaka 1992 ikatoa albamu nyingine waliyoirekodi Uingereza, katika nchi ya Vox na Marshall, wakiwa na magitaa yao, sauti zao tatu na chupa.