Kuimba na Marehemu

Pale Nyarero, Tarime, mpiga litungu wa Kikurya haimbi peke yake. Nyuzi 8 zinavuma, anatupa neno, walioketi wanaitikia. Wakimwitikia kwa uvivu, anajua wimbo haujakolea. Sasa piga sauti ya marehemu kwenye spika, kijana aingize sauti yake juu: nani kati yao anamsikia mwenzake?

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipita Afrika Mashariki na mashine ya kurekodia. Kule Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemjua kwa santuri, likatamkwa Kikipsigis. Walimgeuza kiumbe nusu mtu nusu swala. Rodgers mwenyewe alifariki 1933, miaka 17 kabla. Kwangu mimi hiyo nayo ni kolabo na marehemu, na hakudhulumiwa: walimjibu kwa makoo yao.

Studio za baadaye zikachukua koo lenyewe. Mwaka 1991 Natalie Cole alitoa Unforgettable akipokezana na baba yake, Nat King Cole, aliyefariki 1965. Sauti ya mzee ilitoka kwenye rekodi ya zamani, na mwaka uliofuata wimbo ukazoa tuzo za Grammy. Mwaka 2023 ikaja Now and Then ya Beatles, sauti ya John Lennon ikiwa imechujwa kwa kompyuta kutoka kaseti aliyojirekodi nyumbani. Kaseti ilitolewa na mjane wake, Yoko Ono.

Binti na mjane, basi, kulikuwa na mtu wa kubishiwa hodi. (Ingawa sina hakika kama kurithi nyumba ya baba ni kurithi na ulimi wake.) Wale wasichana wa Kapkatet je? Rekodi zao zilikaa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Zilirudishwa kwa Wakipsigis kwa msaada wa Ketebul Music ya Nairobi baada ya zaidi ya miaka 60.

Sheria yetu ya hakimiliki Tanzania, ya mwaka 1999, ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini miaka hiyo ilihesabiwa kwa mtunzi anayejulikana. Kanda iliyoandikwa “ngoma ya Kikurya” tu, utamtafuta mjukuu wa nani?

Vijana wa Nyarero, mkimrekodi mzee wa litungu kwa simu, andikeni jina lake kamili na la kijiji chake. Kisha mwulizeni angali hai: sauti yake iimbe na nani akishaondoka, na nani asiiguse.