Merikebu Iliyozikwa kwa Hifadhi

Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake chakaribia mita 1,470, na ambalo upepo wa kusini uvumapo miezi ya kiangazi huumka mawimbi mfano wa bahari kuu, limemeza vyombo ambavyo hesabu yake aijuaye ni Mola peke yake. Lakini katika vyombo hivyo kimoja kilizamishwa na mikono ya wenyewe, tena kwa huruma, na habari zake zastahili kusimuliwa kwa taratibu.

Merikebu hiyo, yenye urefu wa mita zipatazo 71, ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen kwa jina la gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani aliyetawala vilipozuka vita vya Maji Maji. Ilipokwisha kujengwa ikakongolewa, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikavuka bahari kutoka Hamburg mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo ikaelekezwa Kigoma, ambako mafundi watatu wa Papenburg, pamoja na Wahindi na Waafrika wengi, waliiunga upya bamba kwa bamba, hata ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Majina ya watatu hao nimeyasoma; ya wale wengi waliotoka jasho chini ya jua la Kigoma sijayaona, na jambo hilo hunihuzunisha kila nilikumbukapo.

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuwaka. Waingereza walileta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, wakazikokota nchi kavu katika mapori ya Kongo. Na kwa mashua hizo waliiteka merikebu ya Wajerumani, Kingani, tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann.

Götzen haikushindwa na chombo chochote ziwani. Jeshi la Wabelgiji lilipokaribia, na Wajerumani walipokuwa hawana budi kuihama Kigoma, mwezi Julai 1916 waliamriwa kuiangamiza. Lakini mafundi wale wale walioiunga waliipaka mitambo yake grisi kwa wingi ili kutu isiile, wakaizamisha polepole karibu na mlango wa mto Malagarasi, mahali pasipo kina kirefu. Naona katika kitendo hicho mapenzi ya fundi kwa kazi ya mikono yake, mapenzi ambayo amri ya vita haikuweza kuyafuta.

Wabelgiji waliiopoa, dhoruba ikaizamisha tena mwaka 1920. Na Waingereza walipoiinua tarehe 16 Machi 1924 waliikuta mitambo yake bado yafaa. Mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba, ambalo ndilo jina la kale la ziwa hili aliloliandika Livingstone alipofika upande wake wa kusini mwaka 1867.

Tangu hapo, miaka kwa miaka, ikawa ndiyo barabara ya vijiji vya mwambao visivyo na gati: ilikuwa ikitia nanga mbali kidogo na ufuko, ikapiga honi, na mitumbwi ikaiendea kwa kushindana, imebeba dagaa, mananasi na akina mama wenye watoto mgongoni. Mwezi Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na maji; na chombo kilichokwenda kuwachukua, safari baada ya safari, mpaka Kigoma, kilikuwa ni Liemba.