Kimbunga cha 1872 na Tsunami ya 2004

Leo tulinganishe misiba miwili ya Bahari ya Hindi.

Mwezi Aprili 1872, enzi za Sayyid Barghash, kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi mingi iling'oka. Pemba haikudhurika sana. Mkarafuu huchukua miaka mingi kuzaa, hivyo bei ilipanda na Wapemba wakazidi kupanda. Tangu hapo Pemba imeipita Unguja kwa karafuu.

Tarehe 26 Disemba 2004, tetemeko chini ya bahari lilizusha mawimbi yaliyofuta vijiji vya Aceh, Indonesia. Huko pekee walikufa au kupotea watu zaidi ya 160,000. Aceh ilikuwa vitani tangu 1976. Serikali na wapiganaji, wote wakiwa wamefiwa, walitia saini amani mjini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005. Amani hiyo ingalipo.

Kimbunga kilihamisha utajiri, tsunami iliharakisha suluhu. Upepo na maji hatuvitawali, lakini miaka iliyofuata iliamuliwa na waliobaki: nani alipanda, nani alikubali kupatana. Nasi majumbani mwetu tusingoje msiba ndipo tupatane.